Faili Kuukuu na Msomaji Mpya: Mawazo Kuhusu Upatanifu wa Miundo ya Maandishi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi hujengwa juu ya dhana moja ambayo aghalabu haitajwi: kwamba matini iliyoandikwa jana itasomeka leo. Mhakiki huijadili maana, hushindana na wenzake kuhusu falsafa na itikadi, lakini maneno yenyewe huyachukulia kuwa yapo na yatazidi kuwapo. Kwa matini iliyo kwenye karatasi, dhana hii haina hatari kubwa. Karatasi ikiwekwa pakavu, mbali na mchwa na mikono ya watoto, itasubiri. Matini iliyo ndani ya tarakilishi haisubiri kwa namna hiyo. Inaweza kubaki nzima, bila hata herufi moja kuliwa na wakati, na bado isifunguke.

Tangu vyuo vikuu vya Kenya vilipoanza kuiacha taipureta na kuishika tarakilishi, katika miaka ya mwisho ya 1980 na katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya miswada ya kitaaluma na ya kibunifu imezaliwa katika faili. Tasnifu, tamthilia, diwani na rekodi za utafiti wa nyanjani zilizonukuliwa kutoka kanda za sauti, zote ziliandikwa kwa programu fulani, ya toleo fulani, na kila toleo lilikuwa na desturi yake ya kuyapanga maandishi. Swali ambalo makala haya yanalizingatia ni hili: toleo jipya la programu lina wajibu gani kwa faili za toleo lililolitangulia? Swali hili linaonekana kuwa la mafundi. Hata hivyo linamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuliko anavyodhani, kwa sababu fasihi hii imekwisha kuhamishwa kutoka muundo hadi muundo mara kadhaa kabla tarakilishi haijabuniwa, na mengi iliyoyapoteza iliyapoteza njiani, wakati wa kuhamishwa.

Maana ya upatanifu

Yafaa kuanza na jambo la msingi. Faili ya maandishi, kwa hakika, si maandishi bali ni mfuatano wa tarakimu. Programu huzisoma tarakimu hizo kwa kufuata mapatano: tarakimu 97 ni herufi a, tarakimu 98 ni herufi b, na mpangilio fulani wa tarakimu ni amri ya kukoza wino au kuanza ukurasa mpya. Mapatano hayo ndiyo yanayoitwa muundo wa faili. Programu ya toleo jipya inapoweza kufungua faili ya toleo la zamani, husemwa kwamba ina upatanifu wa kurudi nyuma. Programu ya zamani inapoweza kufungua faili iliyoandikwa kwa toleo jipya, walao kwa kiasi, huo ni upatanifu wa kwenda mbele. Wa kwanza una gharama. Wa pili una gharama zaidi, maana humtaka mtungaji wa programu ayakisie mambo ambayo bado hayajakuwako.

Historia ya programu ya Microsoft Word ni kielelezo chema. Word 6.0 ya mwaka 1993 na Word 95 zilitumia muundo mmoja. Word 97 ikaja na muundo mwingine, ingawa majina ya faili yaliendelea kuishia kwa .doc kana kwamba hapana lililobadilika. Mwenye toleo jipya alizifungua faili za zamani bila taabu. Aliyebaki na toleo la zamani hakuweza kuzifungua faili mpya alizotumiwa mpaka apate kigeuzi. Matokeo yake yalikuwa ya kijamii kabla ya kuwa ya kifundi. Ofisi moja ilipopata toleo jipya, ofisi jirani ilisukumwa kulinunua pia, si kwa kuwa kazi yake ilimalizika vibaya bila hilo, bali kwa kuwa nyaraka zilizoletwa hazikusomeka. Mwaka 2007 muundo ulibadilika tena, ukawa .docx, ambao kimsingi ni furushi lililobanwa la faili kadhaa za lugha ya XML. Mara hiyo kampuni ilitoa kigeuzi cha bure ili matoleo ya Office 2000, XP na 2003 yaweze kuzifungua faili mpya.

Lakini mwaka uo huo, sasisho la tatu la Office 2003 lilizuia kufunguliwa kwa miundo kadhaa ya zamani, kwa hoja ya usalama, mpaka mtumiaji aingilie mipangilio ya ndani ya mashine yake. Tukio hili lina funzo. Faili hazikuharibika. Ujuzi wa kuzisoma ulikuwa bado umo ndani ya programu. Kilichoondolewa kilikuwa ni ruhusa. Kwa hiyo upatanifu haupaswi kutazamwa kama sifa ya kimaumbile ambayo programu inayo au haina. Ni uamuzi wa mtu au kampuni yenye maslahi yake, na uamuzi huo huweza kugeuzwa.

Kosa lililorithiwa

Wajibu wa kuyaheshimu ya zamani una upande wake wa kuchekesha. Kwa kalenda ya Gregori, mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, kwa kuwa hugawika kwa 100 bila kugawika kwa 400. Programu ya hesabu ya Lotus 1-2-3 iliutendea kama mwaka mrefu, ikaupa tarehe 29 Februari. Microsoft ilipoitunga Excel, ililinakili kosa hilo kwa makusudi ili majedwali yaliyotoka Lotus yasipishane tarehe. Lotus 1-2-3 imekwisha kuachwa na watengenezaji wake, lakini Excel, katika mfumo wake wa kawaida wa tarehe, ingali inaikubali siku ambayo haikuwahi kupambazuka.

Mhariri wa miswada ya kale hataona ajabu hapa. Anajua kwamba mnakili akikosea neno, na nakala yake ikawa ndiyo mama wa nakala nyingine, kosa hupata heshima ya usahihi. Anajua pia kwamba kulisahihisha kosa hilo baada ya karne mbili ni kuvunja daraja na wote waliolitumia, walioliimba na walioliwekea tafsiri. Ndiyo maana mhariri mwangalifu huliacha kosa ndani ya matini na kuandika sahihisho pembeni. Watungaji wa muundo wa .docx walikabiliwa na hali iyo hiyo. Maelezo ya muundo huo yaliyopitishwa na shirika la Ecma mwezi Desemba 2006 yalikuwa na maelfu ya kurasa, na ndani yake mlikuwa na vipengele vya kuiagiza programu ipange mistari au nafasi kama zilivyopangwa na Word 6, Word 95 au Word 97. Wakosoaji walilalamika kwamba vipengele hivyo vilitajwa bila kufafanuliwa vya kutosha: asiyeijua Word 95 hakuweza kujua ilikuwa ikifanyaje. Ni sawa na mswada unaosema, "hapa soma kama alivyosoma mwalimu wetu," pasipo kueleza mwalimu huyo alisomaje.

Upotevu unaorudishika

Si kila upotevu una uzito mmoja, na tofauti kati ya aina zake ndiyo inayopaswa kumshughulisha mhakiki. Mathalan, WordStar ilikuwa programu maarufu ya kuandikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Mwandishi wa riwaya wa Marekani, George R. R. Martin, alieleza mwaka 2014 kwamba bado aliandikia toleo lake la 4.0 kwenye mashine ya zamani isiyounganishwa na intaneti. Herufi za kawaida za Kilatini zinahitaji biti 7 tu, ilhali baiti moja ina biti 8. WordStar iliitumia biti ya nane iliyobaki kama alama yake ya siri: iliiwasha kwenye herufi ya mwisho ya neno katika aya iliyopangwa, ili ijue pa kuongeza nafasi wakati wa kunyoosha ukingo wa ukurasa.

Faili kama hiyo ikifunguliwa kwa programu isiyoyajua mapatano hayo, kila neno huharibika mwishoni. Kwa lugha ambazo maneno yake huishia kwa konsonanti za kila aina, uharibifu huo hutawanyika. Katika Kiswahili, ambacho maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, pigo lote huangukia herufi tano. Kwa mpangilio wa herufi unaoitwa Latin-1, neno mwana huonekana kama mwaná, shule kama shulå, safari kama safaré, mtoto kama mtotï, na kitabu kama kitabõ. Ukurasa mzima huonekana kama lugha ya taifa lisilojulikana. Lakini a hugeuka á daima, wala haigeuki kitu kingine. Na á hairudi isipokuwa kuwa a. Kanuni ni moja na haina ubaguzi. Mwenye kuifahamu huzima biti ya nane katika faili nzima, na maneno hurejea yote kama yalivyokuwa. Huu ni upotevu unaorudishika: matini imejificha, haijafa.

Karibu na hali hiyo ni kisa cha kiapostrofi katika ng'. Tahajia ya Kiswahili sanifu haina viambishi vya juu wala chini ya herufi, na kwa sababu hiyo ilisalimika na misukosuko mingi iliyozikumba lugha nyingine. Gĩkũyũ, kwa mfano, ina herufi ĩ na ũ ambazo hazimo katika Latin-1 wala katika mpangilio wa Windows wa Ulaya Magharibi. Kabla ya Unicode kuenea, njia mojawapo ilikuwa kutumia fonti maalumu, na faili ikifika kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, herufi hizo zilivaa sura nyingine. Kiswahili kina alama moja tu ya kukitia mashakani, nayo ni hiyo ya ng'ombe na ng'ambo. Programu za kuandikia zilipoanza kuipinda alama hiyo zenyewe kwa ajili ya uzuri, ziliipa tarakimu 146 ya mpangilio wa Windows. Katika Latin-1 tarakimu hiyo haina herufi. Ndipo msomaji wa mashine nyingine alipoona mraba mtupu au alama ya kuuliza katikati ya ng'ombe. Baadaye, kwa Unicode iliyofunguliwa kwa mapatano yasiyo yake, ng'ombe huyo huyo alionekana kama ng’ombe.

Madhara yake si ya macho pekee. Mtafiti anayetumia kongoo ya matini kuhesabu mara ambazo neno limetokea atapata majibu ya uongo ikiwa baadhi ya matini zina alama iliyonyooka na nyingine iliyopinda, kwa kuwa kwa tarakilishi hayo ni maneno mawili. Na iwapo programu ya kuhesabia inaichukua alama hiyo kama mpaka wa maneno, itamkata ng'ombe vipande viwili na kumpa mtafiti kitenzi ombe ambacho hakuna mwandishi aliyekiandika. Hata hivyo, huu nao hurekebishika, maadamu aliyeihifadhi faili ameandika ilitoka katika programu gani.

Upotevu usiorudishika

Hali huwa nyingine kabisa pale ambapo muundo mpya, au wa zamani, unazitia sauti mbili katika alama moja. Fasihi ya Kiswahili ilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Mswada wa Utendi wa Tambuka ulio na tarehe ya mwaka 1728 ni miongoni mwa ithibati za umri wa desturi hiyo. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kasra hubeba i na e. Dhamma hubeba u na o. Hali kadhalika, katika miswada mingi ya kale, herufi ba ilibeba b na p, na mara nyingi mb pia.

Kwa mujibu wa mapatano hayo, lea na lia huandikwa sawa, na toa na tua huandikwa sawa. Mama anayemlea mwana na mama anayemlia mwana ni wawili katika utungo, lakini katika mswada ni mmoja. Hapana kanuni ya kifundi itakayowatenganisha, kwa kuwa mwandishi hakuacha tofauti yoyote kwenye karatasi. Anayeweza kuwatenganisha ni msomaji anayeijua lugha, anayeijua bahari ya utungo, na anayekumbuka ubeti uliotangulia ulihusu kilio au malezi. Kwa maneno mengine, sehemu ya matini haikuwekwa katika mswada. Iliwekwa katika kichwa cha msomaji. Mswada na msomaji vilikuwa ni kitu kimoja, na kimoja kikipotea kingine hubaki nusu.

Kisa cha Muyaka bin Haji kinaonyesha gharama na faida ya uhamishaji. Mashairi ya malenga huyu wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalisalia katika vinywa na kumbukumbu za watu. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kwa hati za Kilatini katika Diwani ya Muyaka, huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake kuhusu mashairi hayo jijini Nairobi. Kila hatua ilikuwa ni kuifungua faili ya zamani kwa programu mpya, na kila afunguaye alilazimika kuamua: hapa ni e au i, hapa ni p au b, hapa ni neno la Kimvita au kosa la mnakili. Asomaye kitabu kilichochapwa haioni shaka ya aliyeamua. Anaona herufi safi, na usafi wake unamfanya asahau kwamba kulikuwa na njia panda.

Isidhaniwe kwamba hati mpya daima ni tajiri kuliko ya zamani. Taylor, aliyeyasikiliza matamshi ya Mombasa kwa sikio makini, aliweka alama za kutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao. Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, haikuzichukua alama hizo. Kwa tahajia hiyo, paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa. Kaa la moto na kaa wa pwani huandikwa sawa, ingawa Mmvita huwatofautisha anapotamka. Wepesi wa tahajia sanifu uliisaidia lugha kuenea, na faida hiyo haibishiwi. Lakini shairi la Kimvita lililohamishiwa humo limehifadhiwa katika muundo wenye vipengele vichache kuliko ule liliotoka, na aliyenayo nakala mpya pekee hawezi kurudi nyuma. Mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walipopendekeza mfumo wa kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa hati za Kiarabu zilizorekebishwa, walikuwa wakionyesha kwamba muundo wa zamani ungaliweza kupanuliwa badala ya kuachwa.

Kugeuza na kuiga

Wahifadhi wa nyaraka za tarakilishi wana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuigeuza faili iwe katika muundo mpya. Ya pili ni kuiacha faili ilivyo, na kuiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, ili programu ya zamani iendelee kuisoma. Mjadala kati ya njia hizi ulipata msukumo mwaka 1995, Jeff Rothenberg alipoandika kuhusu uhai mfupi wa nyaraka za kidijitali katika jarida la Scientific American.

Mfano unaotajwa sana unatoka Uingereza. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, BBC ilikusanya picha na maandishi kuhusu maisha ya nchi nzima na kuyaweka kwenye diski za leza zilizosomwa na mashine maalumu. Kabla hata ya miaka 20 kutimia, mashine hizo zilikuwa adimu, na mwaka 2002 watafiti wa Leeds na Michigan walilazimika kuunda programu ya kuiga mashine ya awali ili yaliyomo yaonekane tena. Kitabu chenyewe cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi, kilikuwa kingali kinasomeka kwa yeyote aliyefunzwa Kilatini na hati ya zama zake. Tofauti haikuwa katika ubora wa teknolojia. Ilikuwa katika idadi ya mapatano yanayosimama kati ya jicho na neno: kwenye ngozi yapo mawili, yaani hati na lugha, kwenye diski yapo hayo mawili na mengine mengi, na moja likikatika yote hukatika.

Kwa upande wa fasihi, Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta kilipopata nyaraka za Salman Rushdie mwaka 2006, tarakilishi zake za Macintosh zilikuwa sehemu ya mkusanyo. Mwaka 2010 wasomaji walianza kuruhusiwa kuitumia mashine inayoiga mojawapo ya tarakilishi hizo, wakazikuta faili zilivyopangwa na mwandishi mwenyewe. Hapa uhifadhi ulivuka maneno ya riwaya ukafikia mazingira ya utungaji, jambo ambalo mhakiki wa chimbuko la matini hulithamini kupita kiasi.

Sababu yake ni nzito. Matoleo ya zamani ya Word yalikuwa na njia ya kuhifadhi haraka: badala ya kuiandika faili upya yote, programu iliongeza mabadiliko mwishoni na kuyaacha maneno yaliyofutwa yakiwa bado yamo, yakiwa hayaonekani tu kwenye kioo. Faili ya aina hiyo ni kama ubao wa madrasa usiofutika vyema: chini ya aya ya leo kuna aya ya jana. Akija mtu mwenye nia njema akaifungua kwa programu mpya na kuihifadhi kwa muundo mpya, atapata nakala isiyo na doa, na maneno yaliyofutwa yatakuwa yamefutwa kweli. Kwa msomaji wa kawaida, ugeuzaji umefaulu kwa asilimia 100. Kwa mhakiki, ushahidi wa pekee wa mwandishi kusitasita umetoweka, na hapana atakayejua kuwa ulikuwako. Ugeuzaji unaofaulu machoni unaweza kuwa mbaya kuliko ule unaoshindwa, kwa kuwa unaoshindwa hupigiwa kelele.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba ulinganisho huu umevutwa mno: hati ya Kiarabu ni urithi wa ustaarabu, ilhali muundo wa faili ni bidhaa ya kampuni. Pingamizi hilo lina ukweli. Msomaji wa mswada anaweza kukisia neno lililochubuka kutokana na muktadha. Tarakilishi haikisii, hukataa. Tena hakuna kampuni iliyoimiliki dhamma. Lakini tofauti hii yazidi kuikoleza hoja badala ya kuizimua. Ikiwa mapatano ya hati, yaliyokuwa mali ya umma na yaliyofundishwa katika kila chuo cha Kurani kando ya pwani, yaliweza kufifia machoni pa wasomi wengi wa Kiswahili ndani ya vizazi vichache, mapatano ya programu yanayomilikiwa na wachache yatafifia upesi zaidi. Viwango vya wazi vimeleta nafuu: PDF/A mwaka 2005, ODF mwaka 2006, na muundo wa .docx wenyewe kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008. Unicode nayo imeweka sharti kwamba herufi ikishapewa nafasi yake haitaondolewa. Hata hivyo, kiwango kilichoandikwa ni kama kamusi iliyo kabatini. Humfaa anayekwenda kuifungua.

Hitimisho

Mintarafu ya vitendo, idara za fasihi zinaweza kufanya mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Faili ya asili isiguswe. Ugeuzwe mfano wake. Pembeni yake iandikwe programu iliyotumika, toleo lake, na fonti. Nakala moja ihifadhiwe kwa muundo wa wazi, na nyingine ichapwe kwenye karatasi. Disketi zilizolala katika droo za walimu waliostaafu zikusanywe sasa, kabla ya sumaku yake kuchoka, na zisitupwe baada ya kunakiliwa. Wahenga walishaonya dhidi ya kuuacha mbacha kwa ajili ya msala upitao, na msala katika jambo hili hupita kila baada ya miaka michache.

Lakini hatua hizo zote zinaihifadhi nusu moja tu. Mswada wa lea na lia umeonyesha kwamba nusu nyingine hukaa kwa msomaji. Picha maridadi za miswada ya Kiswahili zinaweza kuwekwa katika maktaba za London, Hamburg na Dar es Salaam, zifunguke kwa kila programu itakayobuniwa, na bado zisisomeke ikiwa hakuna mwanafunzi anayefundishwa hati za Kiarabu, Kiamu na Kimvita cha kale, na kanuni za arudhi zinazomwezesha kuamua irabu ipi iliyokusudiwa. Idara inayoondoa kozi ya kusoma miswada katika mtaala wake kwa sababu wanafunzi ni wanne inafanya lile lile lililofanywa na sasisho la mwaka 2007. Hakuna karatasi inayochanika siku hiyo wala faili inayofutwa. Ila kuanzia hapo, aliye na neno mkononi hana wa kumsomea.